Barua Niliyoifunga Bila Kuihifadhi

Aika mwanangu,

Nimewachapia watu barua miaka thelathini, na ile salamu ya kuanzia naijua kama ninavyoijua Baba Yetu: natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya. Leo siiandiki. Mzima itakukuta, najua, umekaa kwenye basi la Nairobi na kachori za mwenye nyumba wetu, Mama Kanta, ziko mapajani. Itakavyokuacha ndiyo sijui.

Ni Jumapili, saa tisa alasiri. Wewe umeenda Buguruni kuwaaga wenzako wa kwaya, mimi niko huku chini dukani. Mtaa mzima umefungwa, mlango wa chuma nimeushusha nusu. Kompyuta zote mbili nimezizima. Naandika kwa peni, na mkono umeshaanza kuniuma, maana vidole hivi vimezoea kugonga, kukokota havijui. Utanisamehe mwandiko.

Habari ya sweta, ya kutompa mtu mzigo akushikie pale mpakani, ya pesa kuiweka sehemu mbili, sitaandika. Mama Kanta amekuhubiria yote hayo tangu Alhamisi na wewe umeitikia "sawa aunti, sawa aunti" mpaka mdomo umekauka. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba miaka tisa, na nilikusudia kufa nalo. Wewe ndiye uliyeniharibia, Jumapili iliyopita, mbele ya watu.

Unakumbuka. Pilau imeiva, wageni wamejaa hapo juu mpaka kwenye ngazi, na wewe ukasimama na kompyuta yako mkononi uwaeleze watu kwa nini kampuni ya Nairobi imekuita. Hata mimi nilikuwa sijaelewa vizuri. Ulipoanza kuniambia, "Baba, naandika kodi," nilidhani umepata kibarua kwa wale wanaowajazia wafanyabiashara fomu za kodi. Nikakutangaza Kariakoo nzima: binti yangu yuko kwenye mambo ya kodi, msimchezee. Siku uliponionyesha kodi yenyewe, kumbe ni maagizo ya kompyuta, mistari ya rangi rangi isiyo na hata shilingi moja ndani yake, ulicheka mpaka ukakaa sakafuni.

Basi siku ile ukawafafanulia. Ukasema mtu anayeandika programu kila saa anahitaji kikaratasi cha kujaribia jambo. Akifungua faili la kawaida lazima alipe jina na alitafutie pa kukaa, na baada ya mwezi kompyuta imejaa takataka: jaribio, jaribio la pili, jaribio la mwisho, jaribio la mwisho kabisa. Watu wakacheka, hata wasiojua.

"Plagini yangu ni kitu kidogo," ukasema. "Unakichomeka kwenye ile programu tunayoandikia, kinaifundisha kazi moja mpya. Ukibonyeza, kinakufungulia faili ambalo kwenye diski halipo. Liko kwenye kumbukumbu ya kompyuta tu. Unaandika, unajaribu, unafunga, limeenda. Halina jina, haliachi alama."

Mchungaji, ambaye kimya kinamwasha, akauliza, "Na nikifunga kwa bahati mbaya? Haiulizi kwanza?"

"Haiulizi, mchungaji. Ndiyo maana yake hiyo."

Kisha ukanigeukia mimi. Ukasema wazo si lako, umeliiba kwa baba yako, mzee aliyekufundisha tangu ukiwa mdogo kwamba kuna maneno ya watu hayatakiwi kubaki kwenye mashine. "Ndiyo maana nimeiita Kaburi," ukasema. Wakapiga makofi. Mama Kanta akanifuta machozi kwa pindo la sari yake, akidhani ni furaha. Pilau ikanishinda. Tangu siku ile kila nikikaa mezani naiona hiyo plagini yako imesimama mbele yangu na jina langu kifuani.

Hilo jina unalijua nusu. Zamani nilikuwa nahifadhi kila kitu, kila mteja na faili lake, jina lake juu. Nikijiona mtaalamu. Akaja mfanyabiashara mmoja wa vitenge, nikamchapia barua ya kwenda kwa wakili, anamshtaki kaka yake kuhusu duka aliloacha baba yao. Wiki ile ile kaka mtu akaingia kutoa kopi ya cheti. Mimi nimetoka kidogo kufuata chai. Akaliona jina la mdogo wake kwenye kioo cha kompyuta, akafungua, akasoma. Jioni walishikana mashati hapa hapa mlangoni, mashine ya laminesheni ikaenda chini, na mimi nikala makofi mawili, moja la kila ndugu. Ndilo jambo pekee walilokubaliana.

Kuanzia hapo nikaweka utaratibu. Mteja akija na siri, nafungua ukurasa mpya, siupi jina. Nachapa, naprinti, nafunga. Kompyuta ikiuliza kama nihifadhi, namgeuzia mteja kioo ashuhudie mwenyewe nikibonyeza Hapana. Ikawa sifa mjini. "Peleka kwa Kaburi, kikiingia hakitoki." Walinijia watu wa Upanga na magari yao, walinijia wauza samaki wa Feri na harufu yao, wake za watu, waume za watu. Kichwa kikavimba, nisikufiche.

Na nilikuwa na tabia mbili nilizozihesabu kuwa ufundi. Ya kwanza, kusahihisha. Mtu akisema niandike "nimechoshwa na wewe", mimi nachapa "uhusiano wetu umekumbwa na changamoto". Wananishukuru! Ya pili ilikuwa inakuja nikishachoka, ukurasa wa pili hivi. Hapo kichwa kinalala na vidole vinaendelea vyenyewe. Maneno yanaingia sikioni, yanatokea kwenye herufi, katikati hayapiti. Nilikwambia siku ya kwanza nilipokuketisha kwenye kibodi: mpiga chapa mzuri hasikii. Ukaliandika hilo kwenye daftari lako, maskini. Ningekuwa na akili ningekunyang'anya daftari.

Mama yako alizijua tabia zote mbili.

Sasa nikueleze kuhusu mama yako, na nitasema lile ambalo picha ya ukutani haisemi. Hilda alikuja kwangu akiwa na barua ya chuo cha ualimu kwenye sanduku. Kijana wangu wa mashine ya kopi akaugua, nikamwambia bibi harusi, nishikie wiki mbili tu, mpaka apone. Wiki mbili! Alipofariki alikuwa ameishika ile mashine miaka kumi na saba, na chuo hakukiona hata geti. Sikumkataza. Haki ya Mungu sikuwahi kumwambia usiende. Kila mwaka nilimwambia nenda mwakani, mwaka huu kazi zimezidi. Ukitaka kumfunga mtu maisha yake yote bila kupandisha sauti, mwambie mwakani.

Figo zilipomshinda alikuwa anaenda hospitali kule Upanga mara tatu kwa wiki. Wewe uko kidato cha tatu, unarudi shule unamkuta amelala. Siku moja, mchana kweupe, bajaji ikasimama hapa nje, akashuka mwenyewe. Badala ya kupanda ngazi akaingia dukani, akavuta kile kiti cha plastiki cha wateja, akakaa. Vidole vilikuwa vimemvimba, hata kalamu haishiki.

"Leo mimi ni mteja," akasema.

"Mteja wa nini, mama Aika? Nenda kapumzike."

"Nichapie barua. Ya Aika. Na usinisahihishe."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikafungua ukurasa mpya, nikaanza kuchapa.

Alizungumza muda mrefu, anapumzika, anaendelea. Mteja mmoja aliingia anataka kopi, akamwambia subiri nje baba, kuna siri. Alipomaliza akaniambia niprinti, nitie kwenye bahasha, nikupe siku utakayomaliza kidato cha nne. "Dada Ndeshi anajua, nimeongea naye," akasema. "Anamsubiri." Mama mkubwa wako, yule wa Himo, alikuwa mwalimu mkuu wakati ule na nyumba yake ilikuwa na chumba kitupu.

Nikamwambia wino wa printa umeisha, nitaprinti kesho. Wino ulikuwa umeisha kweli. Naitaja hiyo kwa sababu katika habari hii yote ndiyo kweli pekee niliyomwambia.

Kesho yake nikanunua wino, nikautia. Barua iko pale pale kwenye mashine, haina jina, imekunjwa chini ya kioo cha kompyuta, haijafungwa. Nikaifungua niiprinti nikaanza kuisoma, safari hii kwa kichwa changu. Nikafika mahali, nikaikunja tena. Jioni Hilda akaniuliza, "Umeprinti?"

"Nimeprinti. Ipo kwenye bahasha."

Akasema, "Aika." Nikageuka kukutafuta, nikidhani anakuita wewe. Kumbe alikuwa ananishukuru. Kwa Kichagga chao asante ndiyo hiyo, ndilo jina alilokupa, na mimi Bongo ilikuwa imeshanisahaulisha. Alinishukuru kwa uongo, kwa jina lako.

Siku nne ile barua ilikaa hivyo. Umeme ulikatika mara mbili, na lile boksi la betri chini ya meza, ambalo kwa kawaida linapiga kelele dakika tano linakata roho, liliibeba mara zote mbili mpaka umeme ukarudi. Umeme wa mji huu haujawahi kumhurumia mtu. Ulimhurumia mama yako. Mimi nikashindwa.

Siku ya tano akafariki. Siku ya saba asubuhi kosta ya msiba ikasimama mtaani, tunampeleka nyumbani Himo akazikwe. Wewe uko ndani ya gari na khanga ya Mama Kanta mabegani, watu wanaimba. Mimi nikarudi dukani kuzima mashine nifunge. Kompyuta ikaniuliza. Kuna faili hujalihifadhi, unataka kulihifadhi? Ndiyo, Hapana, Ghairi.

Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba ni mkono. Mkono umezoea, mzee, nilijiambia, umebonyeza Hapana mara elfu, umebonyeza na ya elfu moja na moja, una msiba, hukuwa na akili. Uongo huo niliulea vizuri, ukanenepa. Lakini naandika kwa peni leo na nitasema. Mkono haukubonyeza. Mkono ulisimama. Dereva alipiga honi mara ya kwanza, nimesimama. Akapiga mara ya pili, nimesimama. Nilikuwa nawaza, sawasawa kabisa, akili zangu timamu, kwamba nikibonyeza Ndiyo siku moja utaisoma na utaondoka, na mimi nitapanda ngazi zile na chumba kitakuwa hakina mtu. Nilikasirika pia. Nilimkasirikia maiti, Aika. Nilisema, yaani miaka yote hii, na haya ndiyo uliyoyaweka moyoni? Ndipo nikabonyeza Hapana. Kisha nikazima, nikafunga kufuli, nikapanda kwenye gari, nikakukumbatia mpaka Himo.

Wewe kaburi lako haliulizi. Langu liliuliza, likasubiri jibu.

Sasa yaliyofuata, uyapange mwenyewe na unayoyajua. Baada ya matanga ukaniuliza, "Baba, mama hakuacha neno?" Nikakujibu alikuwa amechoka mno, mwanangu. Ulipomaliza kidato cha nne mama mkubwa alipiga simu: mbona mtoto haji, barua mmempa? Nikamwambia amepewa, amesoma, amesema hataki kuja kukaa na watu asiowazoea, kwao ni Kariakoo. Akasema basi, akakata. Na wewe ulipouliza kwa nini mama mkubwa hajakupigia hata kukupongeza, nikakwambia watu wa mlimani ndivyo walivyo, mtu wao akifa Bongo wanahesabu na watoto wake wamekufa. Krismasi zote Wachagga wanapanda nyumbani mji unabaki mtupu, sisi tunabaki. Nilisema dukani kuna kazi. Kazi gani Krismasi? Ulikuwa unanitazama unajua hakuna kazi, hukujua tu kwa nini.

Unakumbuka harusi ya mtoto wa mzee wa kanisa, mwaka ule uliosuka nywele za kahawia? Ulimwona mama mkubwa ukumbini, ukaacha sahani yako, ukaenda mbio ukapiga goti. "Shikamoo mama mkubwa." Akasema "Marahaba," akapita kana kwamba anamjibu mtoto wa jirani. Ulirudi mezani unalia, umeshika kitambaa cha meza. Nilikuwepo. Nilikununulia soda. Nikasema, unaona? Nilikwambia. Katika yote niliyoyatenda hilo la soda ndilo linaloniamsha.

Ukabaki. Ukaishika mashine ya kopi. Kidato cha tano ulipangiwa, nikasema mwakani. Hayo mambo ya kompyuta umejifunza kwenye kiti kile kile cha plastiki, kati ya mteja na mteja, kwa bando la simu, hakuna aliyekushika mkono. Watu Jumapili ile waliniambia hongera mzee, umelea. Ebo! Nimelea nini? Umefika kwa miguu mahali ambapo mama yako alikuwa amekulipia gari, na mimi ndiye niliyelizuia gari lisije. Waswahili husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wewe mama yako alikufunza. Mimi nikafunga faili.

Utataka kujua barua ilisema nini. Hapo ndipo pananiuma kuliko pote, maana wewe uliniambia faili lile liko kwenye kumbukumbu tu, likifungwa limeenda, na mimi niliposikia neno kumbukumbu nikashtuka. Barua ile sasa ipo kwenye kumbukumbu moja tu duniani, nayo ni yangu, na hii yangu ni mbovu. Miaka tisa nimekuwa nikiisahihisha. Nimempunguzia mama yako ukali, nimejipunguzia lawama, kuna sentensi nzima za kunisifu ambazo nina hakika hakuzisema. Nimezifuta zote nikabaki na tatu ninazoweza kuziapia.

Ilianza hivi: "Aika mwanangu, anayechapa haya ni baba yako na sasa hivi amekunja uso." Kweli nilikuwa nimekunja.

Ya pili: "Mimi niliombwa wiki mbili."

Ya tatu ndiyo ile niliyofika nikaikunja barua: "Nenda kwa dada, usikae hapo dukani, baba yako si mtu mbaya na hatakufunga kwa kamba, atakufunga kwa kukuhitaji."

Baada ya hapo ilikuwepo nusu ukurasa. Na mwisho kabisa kulikuwa na sentensi moja aliyoisema taratibu, akiwa ameinama mbele, mkono wake juu ya meza karibu na kibodi. Hiyo ndiyo sina. Nilikuwa nimeshachoka, kichwa kimelala, vidole vinaenda vyenyewe. Nilipoisoma siku ya pili sikufika huko. Sentensi ya mwisho ya mama yako ilipita kwenye vidole hivi kumi, Aika, na mimi sikuisikia. Mpiga chapa mzuri!

Sitaki ujifunze kitu kwangu kwa nguvu. Umejifunza vya kutosha na vingi vilikuwa vibovu. Ila utakuwa peke yako huko na utakutana na watu wa aina yangu, nao hawana pembe. Ni watu wa kukuchekesha, wanaokununulia soda. Mtu akiyapokea maneno yako akakurudishia mazuri zaidi kuliko ulivyoyasema, hesabu kilichopungua. Akikwambia mwakani, mwulize mwezi gani. Na wewe mwenyewe siku ukitenda ubaya, maana utatenda, usiseme mkono umezoea. Mimi nilisema hivyo, na ule uongo ulinifilisi kuliko ule wa kwanza, kwa sababu ule wa kwanza nilikudanganya wewe, huu nilijidanganya mwenyewe na nikauamini.

Plagini yako sikuambii uibadilishe. Jaribio ni jaribio, lifungwe liende. Jina nilitaka kukuomba ulitoe. Leo asubuhi kanisani nimebadili mawazo. Liache. Sasa unajua lina nini ndani.

Baada ya ibada nilienda nyuma ya kanisa, nikampigia mama mkubwa. Namba yake ninayo siku zote hizo, sijawahi kuifuta.

"Shemeji," nikasema.

"Nani mwenzangu?"

"Baba Aika."

Kisha akauliza, "Amekufa nani?"

Nikamwambia hajafa mtu. Nikamweleza yote, pale pale, nimesimama kwenye jua na suti. Kuna mahali nilianza kuzunguka zunguka akanikatisha, "Sema moja kwa moja, mimi ni mwalimu." Nikasema moja kwa moja. Alipopata kusema tena sauti ilikuwa imebadilika. "Miaka yote hii," akasema, "nimemnunia mtoto wa mdogo wangu. Alinipigia goti ukumbini nikampita." Nikamsikia anapenga kamasi. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Akauliza basi linapita Himo saa ngapi. Nikamwambia saa nane hivi, likichelewa tisa. Akasema atakuwa stendi tangu saa sita. Kazini wanakutaka Alhamisi, kesho ni Jumatatu, kwa hiyo hesabu inakubali na huna haja ya kuniuliza. Nitakupa bahasha hii kesho stendi ya Mbezi gari likishaanza kutembea, kwa sababu mimi ni mwoga, na sitaki uniangalie machoni ukiwa unasoma. Ukitaka kunipigia, nitapokea. Usipotaka, mwezi huu au miaka tisa, nitajua ni haki na sitamwambia mtu umenisahau.

Kabla hajakata nilimwuliza jambo moja. Hilda alikuwa amempigia dada yake jioni ile ile ya barua, sauti yake nilikuwa naisikia kupitia ukutani, maneno siyashiki. Nikamwuliza shemeji, alikusimulia mwisho wake? Ile sentensi ya mwisho, unaijua?

"Naijua," akasema.

Nikamwambia, basi niambie, niiandike, nimpe mtoto barua ya mama yake imekamilika.

"Hapana," akasema. "Hiyo hutaichapa wewe. Mwambie ashuke Himo, nitamwambia mwenyewe."

Shuka Himo, Aika.

Sijasahihisha neno.

Baba yako